Mtoto wa Yonazi Aitwe Nani

Mpo? Nijibuni kwa sauti, maana hadithi hii haisimuliwi kwa watu wanaosinzia. Leo sikuleta sungura wala fisi. Nimeleta watu wa milimani kwetu Upare, na nikimaliza nitawapa kazi ya kufanya. Ila msinikatize katikati mkasema jibu mmeshalijua. Mtu wa namna hiyo yupo katika kila baraza, na sijapata kumwona akipatia.

Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waacheni waseme, utani haukatazwi. Lakini kesi ya leo ni ya jina la mtoto, na nilipoisimulia Moshi mjini walilia wao kabla yetu.

Basi katika kijiji cha Vughani, kule juu ambako tangawizi hulimwa kwenye miteremko, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza alikuwa Elinami. Kipawa chake kilikuwa wepesi wa kusaidia. Mtoto akitumbukia mtoni, wengine wakiwa bado wanaulizana ni wa nani, Elinami ameshalowa. Jirani akipiga ukunga, yeye hufika wa kwanza, tena na kiatu kimoja. Mama yake alimwonya mara nyingi kwamba iko siku miguu yake itafika mahali kabla ya akili, naye alikuwa akicheka tu na kumpokea mzigo wa majani ya ng'ombe.

Wa pili alikuwa Nakiete, mke wa Elinami. Kipawa chake kilikuwa kichwa baridi. Nyoka alipoingia darasani, walimu walipanda juu ya madawati pamoja na wanafunzi wao. Nakiete, aliyekuwa mpishi wa shule, alikuja na mwiko mkononi, akafungua mlango wa nyuma, akawaambia wanyamaze ili mgeni aondoke. Nyoka akatoka, naye akarudi kwenye maharage yake. Watu walisema ndoa ile Mungu aliipanga kwa makusudi, mmoja wa kukimbia na mmoja wa kufikiri.

Wa tatu alikuwa Mzee Senkondo, mhunzi, mtu wa ukoo wa Washana. Kipawa chake kilikuwa masikio. Moto ulikuwa umemharibu macho, basi akawa anafua chuma kwa kusikiliza, na kwa pumzi ya moto aliweza kujua kama jembe limeiva. Majembe yake yalikuwa katika kila nyumba ya Vughani, lakini jina lake halikuwa katika nyumba yoyote. Watu wa pale waliogopa laana ya mhunzi tangu enzi za mababu, na hakuna aliyethubutu kumpa mtoto wake jina la mhunzi. Hata watoto wake mwenyewe walihamia mijini wakawapa wajukuu majina waliyoyaokota kwenye televisheni. Hilo lilimuuma mzee, wala hakulificha.

Sasa ongezeni mtu wa nne, Yonazi. Huyu alikuwa mwashi, amemwoa Niwaeli, dada yake Elinami, na Niwaeli alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza. Yonazi ndiye aliyeokolewa katika hadithi hii. Nawaambia mapema ili msikae mkingoja kujua nani atapona. Aliyepona ni yeye, na swali langu ni jingine.

Shule ya Vughani ilikuwa na tangi la gesi ya kinyesi. Lilichimbiwa ardhini, likajengwa kwa matofali, likafunikwa kwa kuba la zege, na juu ya kuba ukaachwa mdomo wa duara wa kumtosha mtu mmoja kupita. Kinyesi cha ng'ombe na maji viliingia upande mmoja, gesi ikapanda kwenye kuba, ikaenda kwa bomba mpaka jikoni kwa Nakiete. Tangi hilo lilijengwa kwa msaragambo. Kwa msiotoka kwetu, msaragambo ni kazi ya wote: baragumu likilia asubuhi, kila nyumba hutoa mtu, na asiyekuja hufuatwa kwake aeleze anaumwa nini. Tangu gesi ilipowaka, watoto waliacha kubeba kuni kichwani kwenda shule, na hakuna mzazi aliyetaka kurudi kule.

Miaka ikapita, moto wa jikoni ukaanza kusinyaa. Nakiete akapaka maji ya sabuni kwenye bomba, asione kitu. Akapaka kwenye kuba, na mahali pamoja sabuni ikaanza kutoa mapovu yenyewe, ishara kwamba gesi inatoroka kwenye ufa. Watoto wakarudia kubeba kuni. Mwenyekiti wa kijiji naye akaagiza baragumu lipulizwe, na mwashi wa kushuka ndani na kuziba ufa akawa Yonazi.

Fundi wa mjini aliyesimamia ujenzi alikuwa ameacha maneno. Alisema siku ya kuingia humo mtu afungwe kamba kiunoni. Alisema hewa ipulizwe ndani kwanza na isikome mpaka kazi iishe. Tena mdomoni akae mtu asiyemruhusu wa pili kushuka kumfuata wa kwanza, maana matangi haya huwaua waokoaji kuliko yanavyowaua mafundi. Na moto usisogee karibu. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakampa mkungu wa ndizi, wakamsindikiza hadi barabarani. Katika yote aliyoyasema walilishika la moto peke yake, kwa sababu moto unaonekana.

Kwa hiyo Mzee Senkondo, aliyekuja msaragambo kunoa majembe na sururu, aliambiwa akawashe moto wake mbali, nyuma ya madarasa. Akaenda huko na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, ile ya kupulizia moto, bila kinyongo.

Mfuniko ulikuwa umefunguliwa siku kadhaa kabla, na tope lilikuwa limechotwa kwa ndoo mpaka likabaki lile zito la chini linalogoma kutoka. Wakamtia kuku ndani ya tenga, wakamshusha, wakasubiri, wakamvuta juu. Kuku akatoka akilalamika kama kuku yeyote aliyefungiwa tengani, na watu wakapiga makofi. Siwezi kumlaumu kuku. Yeye alikaa ndani ya tenga lake, hakukanyaga tope, na hewa mbaya ilikuwa imelala humo ndani ya tope, ikingoja mtu wa kulikoroga.

Na kamba ilikuwepo, naomba mjue. Ilikuwa kamba mpya ya katani, imeviringishwa kwenye nyasi. Mtu mmoja aliiokota akamwendea Yonazi ili amfunge kiunoni, na Yonazi akageuza macho pembeni, pale wanawake walipokuwa wakimenya ndizi za chakula cha mchana. Kati yao alikuwa ameketi Mama Elinami, mama mkwe wake. Kule mwanamume haoneshi hata jasho la kwapa mbele ya mkwewe, sembuse kufungwa kamba. Anayefungwa kamba hadharani ni mbuzi anayepelekwa mnadani au mwizi anayepelekwa kwa mtendaji. Vijana walishaanza kucheka chinichini. Yonazi akasema kwa upole kwamba kamba haina haja, kuku amerudi salama. Mama Elinami akainamisha uso kwenye ndizi zake kama adabu inavyotaka, na kamba ikarudishwa kwenye nyasi.

Yonazi akashuka kwa ngazi ya miti, mwiko wa kupigia lipu mkononi. Alisikika akisema ufa ameuona. Miguu yake ilikuwa ikizama na kuchomoka kwenye tope, kila hatua ikilifumua. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyelielewa, mwiko ukagonga zege, na kukawa kimya.

Hapa ndipo hadithi inapogawanyika, kwa hiyo zisikilizeni pande zote tatu kwa masikio sawa.

Elinami hakuuliza kitu. Aliokota kamba, akamtupia baba yake ncha moja, akabana pumzi na kushuka na ncha nyingine. Waliosimama juu walimwona kwa ule mwanga uliopenya mdomoni. Alipiga magoti kwenye tope, akaipitisha kamba chini ya makwapa ya shemeji yake, akafunga fundo. Kisha akalikaza mara ya pili, ili lisifumuke, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyommalizia pumzi. Alivuta hewa kule chini, akaanguka ubavuni mwa Yonazi. Kama si Elinami, kamba ingebaki kwenye nyasi na Yonazi asingekuwa na cha kuvutiwa.

Nakiete alikuwa ametoka jikoni. Alimwona baba mkwe wake akiachia kamba, akivua koti, akiuelekea mdomo wa tangi, na vijana wakimfuata nyuma, maana watu wa pale hawana desturi ya kumwacha mtu shimoni. Akawatangulia. Alikaa kwenye ukingo, akainyoosha miguu mpaka ukingo wa pili, akauziba mdomo wote kwa mwili wake. Mumewe alikuwa chini yake, naye alilijua hilo.

“Baba, rudi ushike kamba,” akasema.

“Ondoka hapo. Mwanangu yumo humo.”

“Na mume wangu yumo. Ukishuka, hakuna wa kuvuta, na nitazika watu watatu. Shika kamba, Baba.”

Mzee alimsukuma mabega, naye hakusogea. Basi Baba Elinami akarudi, akaishika kamba, na vijana wakaishika nyuma yake. Kama si Nakiete, mdomo ule mwembamba ungejaa watu wanaoshuka, na kamba isingekuwa na mikono.

Mzee Senkondo alizisikia kelele akiwa nyuma ya madarasa, akatambua kwamba si kelele za kazi. Aliuacha moto wake, akaja akijikwaa, mivukuto begani, akaagiza aletewe mpira wa maji uliokuwa ukitumika kusuuzia tangi. Akaufunga kwenye mvukuto kwa kitambaa, akauingiza pembeni mwa miguu ya Nakiete, akawaomba watu wote wanyamaze. Akasikia mkoromo mmoja kule chini, wa mtu anayepigania hewa. Akaupeleka mpira mpaka kwenye mkoromo ule na kuanza kuvukuta. Ulikuwa mkoromo wa Yonazi. Mtu aliyezimia ni mzito, na bega lake lilikwama mdomoni zaidi ya mara moja, wakamshusha na kumvuta upya, na muda wote huo mzee hakupumzika. Kama si Senkondo, wavutaji wangevuta maiti.

Yonazi akatoka. Nakiete alikunja miguu kumpisha, kisha akainyoosha tena.

Sasa kamba ilikuwa huru, na vijana wakataka mmoja wao afungwe ashuke upesi kumchukua Elinami. Nakiete akakataa. Aliwaambia kwamba kamba humrudisha mtu juu lakini haimpi pumzi akiwa chini, na kwamba hakuna atakayepita hapo mpaka mzee awe amelijaza tangi hewa. Mama Elinami alikuja mbio, kisu cha ndizi bado kipo mkononi, akakitupa, akapiga magoti mbele ya mke wa mwanawe. Alimsihi kwa jina, akamsihi kwa Mungu, akamwuliza ni mwanamke gani anayeweza kukaa juu ya mumewe akingoja upepo. Nakiete alikuwa analia mpaka machozi yanadondokea shimoni, lakini miguu hakuiondoa.

Mzee Senkondo alivukuta mpaka akaanza kukohoa damu. Alipoashiria kwa kichwa kwamba inatosha, kijana mmoja alifungwa kamba kiunoni mbele ya wakwe, walimu na watoto wa shule, na hakuna aliyecheka. Alimleta Elinami juu. Alikuwa ameshakufa.

Kama alikufa pale pale alipoanguka, au alikufa wakati mkewe akiuziba mlango, hakuna ajuaye. Hospitali haikusema. Mimi nami sijui, na mtu akiwaambia anajua, mwambieni akanywe maji alale.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha na kaburi likaanza kujaa maji, wakawa wanayachota kwa ndoo zile zile za msaragambo. Mama Elinami hakumwambia Nakiete kitu chochote isipokuwa neno moja, na alilisema mbele za watu: “Ulimkalia mwanangu.” Tangu hapo wanawake hao wawili wanaishi ua mmoja na kupika kwenye meko mawili, na ninaona uchungu kulisema, maana kabla ya siku ile walikuwa wakichumiana mboga.

Yonazi alipotoka hospitali alikwenda kwa mkwewe kabla ya kwenda kwake. Alipiga magoti mlangoni, hakuthubutu kuingia. Akamwambia, “Mama, kamba niliikataa kwa sababu yako. Nilikuonea haya.”

Mama Elinami alimtazama muda mrefu, macho kwa macho, jambo ambalo mkwe halifanyi.

“Ungeniambia tu,” akasema. “Ningekufunga mimi mwenyewe.”

Ufa ulikuja kuzibwa, tena na Yonazi huyo huyo, aliyesema hatamwachia mtu mwingine. Safari hiyo tope lote lilitolewa, hewa ilipulizwa tangu asubuhi bila kukoma, kamba ilikuwa kiunoni, na aliyekaa mdomoni ni Nakiete. Hakuna aliyemteua, alikuja tu akakaa. Jikoni moto ukawaka tena, na watoto wakaacha kuni. Hiyo ndiyo faida tuliyoipata, na kila nikiipima na kaburi lile naona mizani inakataa.

Mzee Senkondo hakupona kifua. Hawezi tena kukaa nyuma ya mvukuto. Kiwanda chake kimepoa, kuku wanajigaragaza kwenye majivu, na wenye majembe butu wanashuka mpaka bondeni kutafuta mtu wa kuwanolea.

Kisha Niwaeli akajifungua. Mtoto ni wa kike, mzima, na ana paji la uso la mjomba wake.

Sasa Vughani wana desturi yao. Mtu aliyeponyoka kifo kwa mkono wa mwenzake huwa na deni, na deni hilo hulipwa kwa jina la mtoto wa kwanza atakayezaliwa kwake baada ya hapo. Jina ni moja na mlipwaji ni mmoja. Hapa hata kusema kwamba mtoto ni wa kike hakutusaidii: Elinami ni jina la wote, wa kiume na wa kike, Nakiete ni Nakiete, na Senkondo kwa msichana huwa Nankondo. Milango yote mitatu iko wazi.

Ndugu wakakusanyika nyumbani kwa Baba Elinami, Yonazi akimpakata mtoto, na wazee wakawapa nafasi ya kusema wale wenye neno.

Mama Elinami alisema akiwa amekaa.

“Nikienda sokoni naitwa Mama Elinami. Kanisani, Mama Elinami. Njiani mtoto mdogo ananiamkia, shikamoo Mama Elinami, na mimi naitikia marahaba. Huyo Elinami yuko wapi? Mwanangu hakuacha hata mtoto wa kusingiziwa. Alimfunga kamba Yonazi, akasahau kujifunga yeye. Sitaki kitu kingine. Nataka siku moja niliite jina hilo na mtu aniitikie.”

Watu wakainama. Nakiete hakutaka kusema, mpaka Baba Elinami alipomwomba.

“Elinami ni mume wangu, na mtu akimlilia hanizidi,” alisema. “Lakini mtoto huyu asipoitwa Elinami, Elinami atabaki kuwa yule yule, hakuna anayemtilia shaka. Mimi nikipita watu hunyamaza. Nikichota maji, aliye mbele yangu humaliza haraka. Nina umri wa kuishi bado, na nitauishi hapa, kwa sababu kaburi lake liko hapa. Mtoto akiitwa Nakiete, kila atakayemwita atakuwa amekiri kwamba siku ile niliokoa, sikuua. Mkimpa jina jingine, mtakuwa mmenihukumu, hata kama hamkukusudia.”

Baba Elinami akamgeukia mkewe, akamwambia kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo wote waliisikia, kwamba asimsahau yeye: kama si miguu ya mwanamke huyu, leo angekuwa mjane.

“Najua,” akasema Mama Elinami. “Ndiyo maana siwezi. Kila nikikuona unakula, nashukuru, na kila nikishukuru najiona nimemuuza mwanangu.”

Kisha Mzee Senkondo, aliyekuwa ameegemea mlangoni apate hewa, akajikohoza.

“Hoja zenu ni nzito. Yangu mimi ni fupi, kwa sababu pumzi yenyewe ni fupi. Nilikuwa na pumzi ya kufulia chuma kwa miaka michache zaidi, na yote niliimalizia kwenye mpira ule. Hewa iliyomrudisha baba wa mtoto huyu ilitoka mikononi mwangu. Maisha yangu yote mmelimia majembe yangu na kuliogopa jina langu. Mtoto mmoja akiitwa Nankondo, na akakua, na asipatwe na baya lolote, hofu hiyo itakwisha, na nitakuwa nimeishi.” Halafu akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. “Nilisikia mkoromo mmoja tu. Wa pili sikuusikia, na mpaka leo nausikiliza.”

Basi nimewafikisha nilikokuwa nikiwapeleka. Najua kuna atakayesema mtoto apewe majina yote matatu. Wazee wa Vughani walishalikataa hilo, wakasema deni likigawanywa hivyo hakuna anayelipwa. Mwingine atasema tungoje mtoto wa pili. Mtoto wa pili hajazaliwa, na mkisikia kikohozi cha Senkondo hamtaniambia habari za kungoja. Na yule wa nyuma anayesema marehemu hahitaji chochote, sawa, huenda ni kweli. Aende akaliseme mbele ya mama yake. Na anayesema Nakiete hatakiwi kudai kwa sababu hakufa wala hakutoka damu, huyo naye akae juu ya mumewe kwanza, au mkewe, ndipo arudi hapa tuzungumze.

Mimi kichwa kinaniuma kila nikiifikiria. Jana nilimpa Elinami, na leo asubuhi nimemnyang'anya.

Yonazi amesimama katikati ya nyumba ya mkwewe, mtoto mikononi, na mtoto amelala. Upande mmoja ameketi mama anayeitwa kwa jina la mtu asiyekuwepo. Upande wa pili ameketi mjane ambaye hasalimiwi. Mlangoni mzee anakohoa kwenye leso. Wote watatu wanangojea mdomo wake ufunguke. Neno atakalolisema litamlipa mmoja, na wawili wataondoka wakijua upande wao ulimwokoa bure, bila kulipwa. Kulinyamazia hawezi, kwa sababu mtoto lazima aitwe.

Wewe hapo, na wewe, na wewe uliyekuwa ukisinzia: mngekuwa nyinyi ndio mliotolewa kwenye tope lile, mngemwita mtoto nani?